Bango, Mipangilio, Dirisha Fiche au Kufuta: Njia Ipi ya Kudhibiti Vidakuzi Inakufaa?

Shangazi yangu husoma habari kwenye simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake, na kinachomchosha kuliko yote ni lile bango linalopanda kutoka chini ya ukurasa, likafunika nusu ya kioo na kumtaka akubali vidakuzi. Siku moja alinipa simu akaniuliza, "Mwanangu, hapa nikibonyeza Kataa, si nimeshamaliza?" Nilimjibu kwamba amemaliza sehemu tu. Makala haya ni jibu refu la swali lake fupi, kwa sababu hata watu wanaoshinda kwenye kompyuta hukwama palepale: hawajui kama wajibu bango, wabadilishe mipangilio ya kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome), wafungue dirisha fiche, lile la Incognito, au wafute kila kitu mara kwa mara.

Kwanza, kidakuzi chenyewe

Kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki, ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi kilobaiti nne, ambayo tovuti hukikabidhi kivinjari chako, nacho kivinjari huyarudisha kwa tovuti ileile kila unapofungua ukurasa wake mwingine. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa ajili ya shida ya kweli: seva ya tovuti haina kumbukumbu, hivyo ukifungua ukurasa wa pili haiwezi kujua kwamba ni wewe uliyefungua wa kwanza, na duka la mtandaoni lisingeweza kukumbuka ulichokwisha kuweka kikapuni.

Ukiwa kwenye kompyuta, unaweza kuviona kwa macho yako ndani ya zana za kivinjari, vimepangwa kwenye jedwali lenye jina, thamani, kikoa (yaani anwani ya tovuti kilikotoka) na tarehe ya kuisha. Kimoja kinaweza kuitwa "lugha", na thamani yake ikawa "sw" tu. Hicho ndicho kitakachofanya ukurasa ukufungukie kwa Kiswahili kesho. Cha chini yake kinaweza kuwa na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, kikoa chake kikawa cha kampuni ya matangazo usiyoijua badala ya tovuti uliyoifungua, na tarehe yake ya kuisha ikawa mwaka mzima mbele.

Tofauti ya vidakuzi hivyo viwili ndiyo msingi wa ulinganisho huu. Cha kwanza ni cha mwenyeji, yaani tovuti uliyoitembelea mwenyewe. Cha pili ni cha wale ambao vivinjari vya Kiswahili huwaita washirika wengine, yaani kampuni zilizoweka kipande chao ndani ya ukurasa wa mwenyeji, kama vile tangazo, kitufe cha kupenda, au picha ndogo isiyoonekana. Kampuni moja ikiwa na kipande chake kwenye tovuti ya gazeti, kwenye tovuti ya mapishi na kwenye tovuti ya afya, hukiona kidakuzi kilekile mahali pote patatu, na hapo ndipo inapotambua kwamba aliyesoma kuhusu kisukari jana ndiye anayetafuta bei ya pikipiki leo.

Kuna aina nyingine inayostahili kutajwa mapema, nayo ni kidakuzi cha kuingia kwenye akaunti. Hiki ni cha mwenyeji na ni cha lazima, lakini hufanya kazi kama ufunguo: aliyenacho ameshaingia, hata kama halijui nenosiri lako.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima njia nne kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni nani hasa anayezuiwa, kwani anaweza kuwa mwenyeji, washirika wengine, au mtu atakayeshika kifaa baada yako. Cha pili ni gharama, yaani muda, bando, na usumbufu wa kuingia upya kwenye akaunti. Cha tatu ni kudumu: je, ukishafanya mara moja umemaliza, au utarudia kesho? Cha nne ni nani anayeutekeleza uamuzi wako, tovuti au kifaa chako mwenyewe. Hiki cha nne ndicho ninachokiona kizito kuliko vingine, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Njia ya kwanza: kujibu bango

Mabango haya yana asili yake Ulaya. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu faragha ya mawasiliano lilirekebishwa mwaka 2009 ili kudai ridhaa ya mtumiaji kabla ya kuwekewa vidakuzi visivyo vya lazima, kisha kanuni ya jumla ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ikaeleza ridhaa ya kweli ni ipi. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali si ridhaa. Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi zinazungumzia taarifa binafsi kwa upana wake, lakini zimeifanya ridhaa kuwa jambo ambalo mwenye tovuti hawezi kulipuuza.

Tukianza na anayezuiwa, kubonyeza Kataa hulenga vidakuzi vya matangazo na vya takwimu, viwe vya mwenyeji au vya washirika wengine, huku vile vya lazima vikibaki. Hapa bango lina jambo moja ambalo njia nyingine hazina: linakuwezesha kuchagua kwa kusudi la kidakuzi. Unaweza kuliruhusu gazeti unalolipenda lihesabu wasomaji wake, na wakati huohuo ukakataa matangazo yanayokufuata.

Gharama yake ni muda, na muda huo mara nyingi umepangwa ukuelemee. Kitufe cha Kubali Vyote huwa kikubwa na chenye rangi inayong'aa, na cha kukataa kimefichwa nyuma ya neno "Mipangilio" au "Chaguo zaidi". Jambo hili limeshawagharimu wakubwa: Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kulihitaji kubonyeza mara nyingi kuliko kukubali. Kwa hiyo msomaji anayebonyeza Kubali kwa kuchoka asijilaumu, maana uchovu ule umetengenezwa. Ukiingia kwenye orodha ya ndani, angalia pia kama kuna sehemu ya pili yenye maneno "maslahi halali", yaani madai ya kampuni kwamba ina sababu ya kutumia data yako hata bila ridhaa yako, kwani humo unaweza kukuta vitufe vimewashwa tayari ingawa vya ukurasa wa kwanza vyote vimezimwa.

Kuhusu kudumu, jibu lako huhifadhiwa ndani ya kidakuzi. Ukivifuta vidakuzi vyote, unalifuta na kataa lako, na bango hurudi kana kwamba hujawahi kufika pale. Ukibadili kivinjari au simu, ni hivyohivyo.

Mtekelezaji ni tovuti. Ukikataa, umetoa maelekezo, na mwenye tovuti ndiye anayeyafuata. Tovuti makini huyafuata, na sheria iko upande wako isipoyafuata, lakini kwa kutazama kioo tu huwezi kujua. Njia hii inamfaa anayetembelea tovuti chache zilezile, anayeziamini kiasi, na anayetaka kuchagua kwa undani badala ya kufunga au kufungua vyote.

Njia ya pili: mipangilio ya kivinjari

Hapa unakiagiza kivinjari chenyewe kisiwapokelee washirika wengine vidakuzi vyao. Hali hutofautiana sana kati ya kivinjari na kivinjari, na watu wengi hawajui chao kimesimama wapi. Safari, kinachotumika kwenye iPhone, kinavizuia vidakuzi vyote vya washirika wengine tangu Machi 2020 bila wewe kufanya lolote. Firefox ya kompyuta, tangu Juni 2022, humpa kila mwenyeji chombo chake cha vidakuzi, ili kidakuzi kilichowekwa kupitia tovuti ya gazeti kisisomwe kupitia tovuti ya afya. Chrome ina historia ndefu: Google ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha zaidi ya mara moja, Julai 2024 ikaachana na mpango huo, na Aprili 2025 ikathibitisha kwamba uamuzi utabaki kwa mtumiaji ndani ya mipangilio. Maana yake ni kwamba mwenye simu ya Android anayetumia Chrome hana zuio hilo katika kuvinjari kwa kawaida mpaka aliwashe mwenyewe.

Kuliwasha hakuchukui hata dakika moja. Bonyeza nukta tatu zilizo juu, ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya tovuti au ya faragha, kisha vidakuzi vya washirika wengine, na uchague kuvizuia. Ukikuta pia chaguo la kuzuia vidakuzi vyote kabisa, liache, kwa sababu hutaweza kuingia kwenye barua pepe wala kulipia kitu.

Anayezuiwa ni mshirika mwingine peke yake. Mwenyeji bado anakukumbuka, na ni vizuri iwe hivyo. Gharama ni ndogo lakini ipo: mara chache utakutana na dirisha la malipo, sehemu ya maoni, au somo la video lililopachikwa kwenye tovuti ya chuo ambalo halifunguki. Hilo likitokea, usizime zuio lote. Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, uiruhusu tovuti ile moja. Zuio hudumu mpaka ulibadilishe, na mtekelezaji ni kifaa chako, kwa hiyo halihitaji uaminifu wa mtu mwingine.

Mipaka yake isemwe wazi. Kuna kampuni zinazokutambua bila kidakuzi, kwa kukusanya ukubwa wa kioo chako, toleo la programu, fonti na mambo kama hayo mpaka zipate alama inayokaribia kuwa yako peke yako. Ukiwa umeingia kwenye akaunti ya kampuni fulani, unayoyafanya kwenye tovuti zake huandikwa kwenye akaunti hiyo, kidakuzi cha washirika wengine kiwepo kisiwepo. Na kiungo unachokibonyeza ukiwa ndani ya programu ya Facebook, Instagram au TikTok kwa kawaida hufunguka ndani ya programu hiyohiyo, ambako mipangilio yako ya Chrome haifiki. Ukiona umo humo, tafuta kwenye menyu chaguo la kufungua kwa kivinjari cha nje.

Njia hii inamfaa mwenye simu au kompyuta yake mwenyewe asiyetaka kufanya uamuzi kila siku. Kwa kifaa kinachoshikwa na watu watano, haitoshi.

Njia ya tatu: dirisha fiche

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye kompyuta ya saiba, nikafungua kivinjari, na mbele yangu likafunguka sanduku la barua pepe la mtu nisiyemjua. Barua ya juu kabisa ilikuwa ya mwajiri, yenye wito wa usaili. Aliyekuwa amekaa pale kabla yangu alikuwa amefunga dirisha tu akaondoka, bila kutoka kwenye akaunti, na kidakuzi chake cha kuingia kikabaki kimekaa pale kikingoja yeyote. Nilimtoa kwenye akaunti na kuendelea na shughuli zangu, lakini barua ile ningeweza kuijibu kwa jina lake, au kuifuta asiione kamwe.

Dirisha fiche limeundwa kwa hatari ya namna hiyo. Huanza bila kidakuzi hata kimoja, na ukifunga madirisha fiche yote, vilivyowekwa humo hufutwa. Anayezuiwa kwanza ni mtu atakayeshika kifaa baada yako. Washirika wengine nao hupungukiwa nguvu, kwa kuwa hawawezi kuiunganisha leo yako na jana yako kwa kidakuzi, na Chrome huwazuia ndani ya dirisha hilo hata kama hujagusa mipangilio. Gharama ni kuandika nenosiri kila mara na kujibu bango upya kila mara. Ulinzi wake haudumu zaidi ya kikao kimoja, na hapa kuna kosa la kawaida kwenye simu: mtu huacha vichupo fiche vimefunguliwa kwa siku kadhaa akidhani viko salama, kumbe mpaka avifunge, vidakuzi vyake viko hai.

Mtekelezaji ni kifaa chako, ila watu hulipa dirisha hili sifa lisizo nazo. Halimfichi mtoa huduma ya intaneti, wala mwajiri mwenye mtandao, wala tovuti yenyewe. Faili ulizopakua hubaki kwenye kifaa. Mkanganyiko huu ulifika mahakamani Marekani katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2020, na mwaka 2024 Google ilikubali kufuta kumbukumbu nyingi zilizokusanywa watu wakiwa kwenye madirisha hayo. Dirisha fiche linamfaa mtumiaji wa saiba, wa kompyuta ya maktaba au ya chuo, na anayetumia simu ya familia kwa jambo ambalo lingefaa libaki lake.

Njia ya nne: kufuta

Kufuta kunashughulika na yaliyokwisha kuwekwa. Humwondoa mwenyeji na washirika wengine kwa pamoja, na pia humfungia mlango atakayeshika kifaa baadaye, lakini nusu saa ya kuvinjari baada ya hapo hurudisha vingi vya washirika wengine, usipokuwa umewazuia kwa njia ya pili. Mtekelezaji ni wewe na kifaa chako.

Gharama yake inahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kivinjari kitakuwekea mbele visanduku vitatu: historia, vidakuzi na data ya tovuti, na picha na faili zilizo kwenye akiba. Anayenunua bando la siku asikiguse hicho cha tatu bila sababu, kwani picha zile zilizohifadhiwa zitapakuliwa upya kwa bando lake, na kuzifuta hakumwondolei kidakuzi hata kimoja. Jambo la pili ni zito zaidi: kufuta vidakuzi hukutoa kwenye akaunti zote. Kama umesahau nenosiri, au nambari ya uthibitisho huenda kwenye laini ya zamani uliyoipoteza, kidakuzi kile huenda ndicho pekee kinachokuweka ndani. Badilisha kwanza nambari na nenosiri ukiwa bado umeingia, ndipo ufute.

Si lazima ufute vyote. Vivinjari vikubwa hukuruhusu kufuta vya tovuti moja tu, na kwenye kompyuta unaweza kuviagiza vifute kila unapovifunga. Kufuta kunamfaa anayeuza au kugawa simu, anayerudisha kompyuta ya ofisi, au anayeona tovuti fulani imegoma kufunguka vizuri.

Kwa ufupi, wako pia wanaotumia viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) vya kuzuia ufuatiliaji, kama uBlock Origin, au vivinjari vinavyozuia tangu mwanzo, kama Brave. Chrome ya Android haipokei viendelezi, ila Firefox ya Android inavipokea. Kiendelezi cha namna hii huona kila ukurasa unaoufungua, kwa hiyo usipakie usichokijua asili yake.

Kwa hali yako

Ikiwa simu ni yako peke yako na unatumia Chrome, anza na mipangilio, kisha mabango uyajibu kwa Kataa pale linapoonekana waziwazi. Ukikutana na bango lenye kurasa tatu za vitufe wakati zuio la washirika wengine limewashwa, uzito wa jibu lako umeshapungua sana, ingawa haujaisha.

Ikiwa simu inashikwa na familia nzima, mipangilio iwepo, lakini mambo ya benki, matokeo ya hospitali na barua za kazi yafungulie dirisha fiche, na ulifunge kabla ya kumpa mtu simu. Ukiwa saiba, dirisha fiche ni la lazima, na hata hivyo toka kwenye akaunti kabla ya kulifunga, maana mtu wa zamu anaweza kuwa na dirisha lingine fiche lililofunguliwa kwenye mashine hiyohiyo.

Ikiwa unasoma kuhusu ugonjwa au jambo ambalo hutaki likufuate kwa matangazo, unganisha mambo mawili: dirisha fiche, tena bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Kwenye kompyuta ya ofisi, chukulia kwamba hakuna njia kati ya hizi inayomzuia mwenye mtandao, na mambo yako binafsi uyafanyie kwenye simu yako kwa bando lako.

Kwa shangazi tuliwasha zuio la washirika wengine, tukafuta vidakuzi vya zamani baada ya kuhakikisha analikumbuka nenosiri la barua pepe yake, na tukaiacha akiba ya picha ilivyo. Kwa kuwa mjukuu wake huichukua simu jioni kuchezea michezo, tulimwekea njia ya mkato ya kufungua dirisha fiche, na akaunti ya benki sasa anaifungulia humo. Bango bado linapanda kila asubuhi. Yeye hubonyeza Kataa, akaendelea kusoma mpaka mteja wa kwanza abishe.